Hechibeki ya "spoti": mbio zipo, raha ya kuendesha iko wapi?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Kwenye hizi hechibeki za spoti (vigari vya mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, vyenye injini kali) tunapigwa mchana kweupe.

Ninayoendesha mimi ni ya petroli, lita 2, turbo, nguvu zote zinaenda matairi ya mbele. Kwenye karatasi ina sifa kibao: sifuri hadi 100 kwa sekunde sita na ushee. Sibishi, mbio inazo. Ila mbio hizo inazila peke yake, mimi niko pale kama abiria aliyeshikishwa usukani.

Tuanze na huo usukani. Ukibonyeza kitufe cha spoti unakuwa mzito, basi. Habari za barabarani haziji kabisa. Matairi ya mbele yakianza kuteleza kwenye kona, mikono haipati taarifa. Unashtukia gari limeshatoka nje ya mstari wa kona. Halafu toka kona ukiwa gia ya pili, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Kwanza kimya, turbo inajaza. Ghafla nguvu inamwagika yote kwa mpigo, usukani unakuvuta kushoto, unakuvuta kulia, tairi la ndani linazunguka bure. Matairi hayohayo mawili yamebebeshwa kukata kona na kuvuta gari, na difu ya LSD (inayozuia tairi moja lisizunguke bure, nguvu iende na kwa jingine) hawakuweka! Badala yake kompyuta inashika breki ya tairi linaloteleza. Ubahili mtupu. Endesha hivyo kwenye kona mfululizo uone: breki zinapata moto, pedeli yake inalainika, harufu ya pedi inaingia mpaka ndani.

Mngurumo nao feki, unatoka kwenye spika. Shusha kioo usikie: nje injini inanong'ona, ndani spika zinabweka.

Gia ni otomatiki ya klachi mbili. Naiweka nibadilishe mwenyewe, bado injini ikikaribia mstari mwekundu (mwisho wa mzunguko wake) inapandisha bila kuniuliza. Naomba gia ya pili kabla ya kona, inagoma. Sasa vile vidude vya kubadilishia gia nyuma ya usukani ni mapambo?

Na shokapu zimekazwa, rimu inchi 19, tairi ubapa mwembamba, eti ndiyo uspoti. Kwenye lami yenye mawimbi gari linadundadunda, na tairi lililo hewani halikati kona wala halisimamishi gari.

Golf GTI ya kwanza, 1976, ilikuwa na nguvu za farasi 110 na uzito wa kama kilo 810. Peugeot 205 GTI ya 1984 haikufika kilo 900. Leo nyingi za ukubwa wa Golf zinapita kilo 1,400, ndiyo maana zinataka farasi zaidi ya 200, breki kubwa, rimu kubwa na kompyuta ya kufukia yote hayo. Najua mtasema usalama. Sawa, bodi imara na mikoba ya hewa vina uzito wake. Lakini usalama haujamkataza mtu kuweka difu ya maana: Honda wameiweka kwenye Civic Type R, inavuta kwa mbele hivihivi, na gia ni ya mkono.

Aliyefunga LSD kwenye gari la kuvuta mbele aje aseme: usukani unaacha kuvuta, au ndiyo unazidi? Na wale wa "si ununue ya umeme", leo mpite kimyakimya.