Mrejesho: Sukari ya mama na mishipa iliyokaza

Wapendwa, niliuliza kwa nini mama, anayemeza metformini ya sukari, ameongezewa losartani, dawa ya presha, ilhali presha yake imepanda kidogo tu. Asanteni sana kwa majibu. Jana tulienda kliniki hapa Kisumu, daktari akatufafanulia.

Utando wa ndani ya mshipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi, inayoifanya misuli ya mshipa ilegee, damu ipite. (Waliogundua hayo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.) Sukari ikikaa juu muda mrefu, gesi hiyo hupungua na mshipa hubaki umekaza. Losartani huzuia kazi ya angiotensini, homoni inayobana mishipa, na hulinda figo za mgonjwa wa sukari. Hapo ndipo nilipotulia. Metformini hupunguza hasa sukari inayotolewa na ini. Huenda inausaidia utando huo pia, lakini haishiki nafasi ya dawa ya presha.

Daktari alimvua mama viatu, akabonyeza mgongo wa kila mguu akitafuta mapigo. Wa kushoto yalikuwa hafifu, kwa hiyo utafuatiliwa. Wiki ijayo anapimwa figo na potasiamu, madini yaliyo kwenye damu.

Ndugu uliyeshauri aache losartani anywe mwarobaini, nakusihi usimwambie mgonjwa mwingine hivyo.