Nimelala zangu, naamka naambiwa nimeuchagua wimbo wa yule jamaa uwe namba moja

Spika Bovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sina salamu.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji, maana jeshi lake likinusa jina tu linavamia na vikatuni vya moto na mataji mpaka uzi unafungwa. Yule wa miwani ya jua usiku. Yule ambaye kila wimbo lazima aanze kwa kujitaja jina, utadhani anaitika mahudhurio.

Niliagiza albamu yake mapema. Ndiyo, mimi, msinitolee macho. Kuna mpiga gitaa kashirikishwa wimbo wa saba, nilimfuata huyo tu. Nikalipa, nikasahau. Wiki iliyopita, usiku wa manane, simu ikalia: "Zawadi yako imefika." Wimbo wa nyongeza kwa walioagiza mapema. Umejipakua wenyewe, sijagusa kitu. Asubuhi naufungua: dakika moja na sekunde arobaini, nusu nzima mlango unalia kwiii, mtu anahema, halafu anacheka. Nikajua faili limekufa njiani.

Leo chati ya singo, yaani nyimbo mojamoja, imetoka. Mlango namba moja. Wimbo wa yule dada, uliopanda ngazi kwa ngazi miezi yote hii, ambao watu wanaujua mpaka pale mpiga kinanda anapojikwaa, umeshushwa namba mbili na BAWABA.

Hata hilo ningelimeza. Lakini jamaa kaingia laivu, miwani usoni ndani ya chumba cha giza, mkono kifuani, sauti ya mtu aliyefiwa: "Asanteni nyote mlioamka usiku ule mkauchagua wimbo huu."

Nilikuwa nimelala!!! Nilikuwa nakoroma! Simu ndiyo iliyokuwa macho! Sasa kama ni shukrani aishukuru simu, aiite jukwaani, aipe na tuzo yake.

Ni sawa na ununue shati, ndani ukute kile kifungo cha akiba kwenye kinailoni, kesho yake watangaze kwamba vazi linalopendwa kuliko yote ni kifungo. Oda ya albamu ihesabiwe kwenye albamu. Kwenye singo, wimbo uingie pale mtu anapoubonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Sina hoja nyingine, nina hasira tu.

"Mlioamka mkauchagua." Mtu anakutazama usoni, tena kwa miwani, anakwambia hivyo.

Askari wa Miwani

Wivu hauna dawa. Ulilipa, hukulipa? Namba hazidanganyi. Asante kwa mchango wako, mtani, tunaendelea kukaa kileleni.

Spika Bovu

NILIKUWA NIMELALA.

Kimya Kingi

Mkuu una bahati. Umelala na bado umeshiriki kuweka historia. Sisi wengine tuko macho mchana kutwa na hatujashiriki chochote.

dada_besi

Ngoja kwanza. Mtu mzima na akili zako umeagiza albamu nzima ya yule kiumbe kwa ajili ya gitaa la wimbo mmoja? Hapo kwenye mlango sina tatizo, tatizo langu linaanzia hapo.

Mzee wa Kaseti

Vijana mnadeka. Zamani kilio kilikuwa kinyume. Hot 100, chati ya singo ya Marekani, imeanza 1958, na mpaka Desemba 1998 wimbo usiouzwa kama singo haukuingia humo, hata redio zote ziupige asubuhi mpaka jioni. Bendi ya No Doubt walikaa wiki 16 juu ya chati ya redio na "Don't Speak", na kwenye Hot 100 hawakuonekana hata mkiani. Lebo, yaani kampuni za muziki, zilikuwa zinaficha singo makusudi, ukiupenda wimbo ukanunue albamu yote. Sisi wimbo tuliusaka. Wewe umekufuata mpaka kitandani, unapiga kelele.

dada_besi

Mzee, na hao wenye maduka je? Kabla ya 1991 hiyo chati mauzo yake si yalitegemea maduka kuripoti yenyewe? Mwenye duka akimpenda mtu, kwisha habari.

Mzee wa Kaseti

Angalau mwenye duka alikuwa macho.

Spika Bovu

Mzee na wewe umenigeuka. Sawa.

Karani wa Chati

Tupunguze povu, hili jambo lina utata wake. Januari 2013 mwanamuziki wa Uingereza David Bowie alitoa wimbo ghafla siku ya kuzaliwa kwake, na aliyeagiza albamu aliupata papo hapo. Wenye chati ya Uingereza mwanzoni wakagoma kuuhesabu kwa sababu ya ofa hiyohiyo. Ukaleta mzozo, na mwishowe ukaingia namba 6. Ukiuhesabu kila unapopakuliwa, unapata mlango namba moja. Ukiufuta kabisa, unamwadhibu shabiki wa kweli, maana tayari anao na hatanunua mara ya pili. Mimi ningesema: zawadi isihesabiwe, ila akiusikiliza, huko kusikiliza kuhesabiwe kama kwa mtu mwingine yeyote.

Askari wa Miwani

Mimi nimeusikiliza mlango usiku mzima.

Karani wa Chati

Hapo sasa umepata haki yako. Pole pia.

Spika Bovu

Karani ndicho nilichosema mimi! Kidole! Mtu abonyeze! Na bado hakuna anayezungumzia lile neno la laivu. Alivuta pumzi kwanza, jamani. Kavuta pumzi ileile ya kwenye wimbo, halafu ndiyo akasema "mlioamka".

Kimya Kingi

Kwa hiyo alikuwa anatangaza rimiksi.

Fulana Mbili

Nyie mnalia wimbo, mimi nililetewa fulana. Enzi zile ukinunua fulana unapata na albamu, mauzo yanahesabiwa, mtu anashika namba moja kwa nguvu ya kitambaa. Billboard, wenye chati za Marekani, mwaka 2020 wakachoka wakakaza kanuni. Wakabana na ule mchezo wa kuagiza singo ya sahani ya santuri, unapewa ya kupakua palepale inahesabiwa leo, sahani yenyewe inakuja msimu mwingine. Siku hizi inahesabiwa inaposafirishwa. Yangu ilifika imepinda. Nikiiweka mwimbaji anaimba kama yuko kwenye mashua.

dada_besi

Heri yako imefika.

Mzee wa Kaseti

Sahani iliyopinda usiiweke kitabu kizito ukiwa umeiacha juani. Nawaona wengi wanaharibu hivyo.

Fulana Mbili

Mzee nimeshaiweka.

Bondia wa Korasi

Mlango mmoja tu mnalia hivi? Machi 2017 Ed Sheeran alijaza nafasi 16 kwenye 20 bora ya Uingereza. Kumi na sita! Ndipo wakaja na kanuni ya nyimbo tatu kwa msanii mmoja. Marekani hawana kikomo hicho, Oktoba 2022 Taylor Swift akabeba 10 bora yote peke yake. Hiyo ndiyo mada ya kuanzishia uzi. Albamu ikitoka, chati ya singo inageuka orodha ya nyuma ya kasha.

dada_besi

Lakini hao watu walizisikiliza kweli. Ukiweka kikomo unamnyima msikilizaji. Wimbo wa nne ni wa nne kwa sababu gani kama umesikilizwa kuliko wa kwanza wa mwenzake?

Bondia wa Korasi

Basi chati ya albamu ifutwe, tubaki na moja.

dada_besi

Ifutwe tu, nani anaiangalia.

Mzee wa Kaseti

Mimi.

Spika Bovu

Turudi kwenye mada?

Bondia wa Korasi

Mada ipi?

Kimya Kingi

Kuna jamaa alilala.

Rimiksi ya Saba

Naomba nichangie. Wimbo mmoja, uharakishwe kidogo, upunguzwe mwendo, utolewe bila ngoma, utolewe na ngoma tu, aongezwe mtu aseme "yeah", na vyote vinajumlishwa kwenye wimbo uleule. Huo nao ni wizi. Ila wa timu yetu ni ubunifu.

Askari wa Miwani

Hii timu yetu sote. Karibu.

Fulana Mbili

Mbaya kuliko yote ni nyie mnaoacha simu inacheza wimbo mmoja usiku kucha bila sauti. Uingereza 2014 walianza na strimu 100, yaani kuusikiliza mtandaoni mara 100, sawa na kuuza singo moja, Januari 2017 wakapandisha zikawa 150. Ni kwa ajili ya watu kama nyie.

Askari wa Miwani

Siyo bila sauti. Ukizima kabisa wanaweza wasiihesabu. Weka sauti ndogo, ficha chini ya mto.

Karani wa Chati

Chini ya mto? Na chaja?

Askari wa Miwani

Na chaja ndiyo, itazima. Ila kweli tangu juzi kioo kimeanza kunyanyuka pembeni, kama kuna kitu kinasukuma kwa ndani. Kuna anayejua ni nini?

Karani wa Chati

Betri imevimba. Toa chaja sasa hivi.

dada_besi

Yangu ilifanya hivyo, nikaibonyeza ikarudi.

Karani wa Chati

Usibonyeze! Usiitoboe, usiiwashe, itoe kitandani, peleka kwa fundi.

Askari wa Miwani

Nikiizima rekodi ya usiku inakatika.

Mzee wa Kaseti

Fundi atauliza ulikuwa unaifanyia nini. Andaa jibu.

Fulana Mbili

Picha tafadhali. Imevimba kiasi gani?