Sabuwufa ya sebule: inchi 18 ya disko ama 15 ya sinema? Na boksi gani?

JamaaWaMamboleo
Wasee wa besi nisaidieni. Niko na sebule kama mita 5 kwa 4 huku Mamboleo, Kisumu, upande mmoja imefunguka kwa dainingi. Risiva ya 5.1 (spika 5 na sabuwufa 1) iko, spika za mbele sina shida nazo, kenye kinanisumbua ni hii sabuwufa (spika ya besi) ndogo ilikuja na seti, sinema ya vita ikianza inakohoa tu. Sasa kuna jamaa hapa tauni anauza spika tupu ya inchi 18, imeandikwa wati 1500 nyuma ya sumaku, anasema ndio hizo hizo wanaeka kwa disko matanga so sebule kwake ni mchezo. Alafu binamu anakuja Desemba kutoka Marekani, anaweza nibebea moja lakini kwa uzito wa begi labda ya 15. Bajeti ya kila kitu ni 90,000, ikizidi hapo mama watoto ataanza maswali. Boksi nitachongewa Kibuye, fundi anasema nimpe vipimo tu. Sasa ni vipimo gani? Lifungwe kabisa ama liachwe tundu? Na risiva itaisukuma?

besi_ya_nax
Risiva haiwezi. Hapo kwa SUB OUT inatoka signo ndogo tu ya waya wa RCA, lazima ununue amplifaya kando, so hio pesa itoe kwanza kabla ata hujafikiria inchi.

Alafu hizo wati 1500 achana nazo. Wati zinakuambia koili (ule waya umezungushwa nyuma ya koni) itavumilia moto kiasi gani, hazikuambii koni inaenda mbele na nyuma umbali gani, na besi ya sinema ndio hio safari ya koni. Ukishuka oktavu moja, tuseme kutoka 40Hz hadi 20Hz, na unataka sauti ibaki vile ilikuwa, koni lazima isafiri mara 4. Sasa spika za disko zimeundwa zipige kelele uwanjani kutoka 40 kuenda juu, koni nyepesi, nyingi utapata Xmax (umbali koni inaweza safiri upande mmoja) ni milimita 8 hivi na Fs (mtetemo wa asili wa spika yenyewe) iko 35 ama 40Hz. Linganisha na Dayton Ultimax ya 18, spika ya sinema, Xmax yake inapita milimita 20. Ata 15 ya sinema yenye milimita 19 inaishinda hio 18 ya disko huko chini, piga hesabu mwenyewe: koni ya 15 ni kama sentimita mraba 820, zidisha kwa 1.9 unapata lita moja na nusu ya hewa, ile 18 ni 1,200 mara 0.8, haifiki ata lita moja.

Kabla utoe pesa muulize huyo jamaa Fs, Qts (vile spika inajizuia isiendelee kutetemeka), Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa spika) na Xmax. Kama hana hizo namba hakuna mtu atakupimia boksi, itakuwa ni kubahatisha.

Ja_Nyalenda
Mimi wacha nitetee ya disko kidogo, mnaichapa bure. Waya ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi 4 ni 41Hz, so rumba yote na ohangla hio 18 inaibeba vizuri kabisa, unaiskia kifuani, na juu sensitiviti yake (sauti inatoa kwa kila wati) ni kubwa haitaki amplifaya ya nguvu sana. Sinema lisaa limoja na nusu, hio mitetemo ya 20Hz unaipata mara ngapi? Kama ni mpira na mziki nunua hio ya tauni.

besi_ya_nax
Kama ni mziki sina ubishi, lakini jamaa amesema sinema ya vita jamani.

msumeno_kakamega
Mimi niko upande wa boksi juu ndio kazi yangu. Lililofungwa ni dogo na ni ngumu kuliharibu, chini linashuka polepole, desibeli 12 kwa oktavu, na sebule yenyewe inakurudishia kiasi ingawa yako imefunguka kwa dainingi so usitegemee sana. Mfano spika ya Qts 0.4 na Vas lita 210, ukiieka kwa lita 100 Qtc (hio Qts ikiwa ndani ya boksi) inakuja 0.7, hapo ndio watu wengi wanataka.

Lenye tundu linakupa sauti zaidi karibu na pale umelitunia (masafa tundu lake linavuma), lakini chini ya hapo linaanguka desibeli 24 kwa oktavu na koni inabaki haina kitu ya kuishikilia, inaruka mpaka inagonga. So kama amplifaya haina filta ya kukata chini usijaribu, ukitunia 20 kata kwa 17 ama 18. Na ni kubwa manze. Ndani sentimita 60 kila upande ni lita 216, toa spika na bomba unabaki na kama 200. Bomba la PVC la inchi 6 lazima liwe na urefu wa kama sentimita 57 ndio upate 20Hz. Watu wanaeka la inchi 4 juu linatosha kwa sentimita 22 tu, alafu ukiongeza sauti hewa inapiga mluzi.

Mambo ya Kibuye: MDF ya milimita 18, upande wenye spika eka vipande viwili vya MDF vibandikwe pamoja, mbao za kukaza ndani, gundi kila jointi na si misumari peke yake. Na rangi kila pahali mpaka chini, huko kwenu unyevu wa ziwa MDF inavimba kama mandazi.

Mimi kwa hio bajeti ningefunga. Alafu usilitupe kona juu tu ndio kuna nafasi, chumba cha mita 5 kinavuma karibu 34Hz, eka sabuwufa pale unakaa, piga besi, tembea ukiinama pembeni za ukuta, pale inaskika sawa ndio pahali pake. Risiva eka krosova (pale sauti inagawanywa, ya chini iende kwa sabuwufa) 80Hz.

JamaaWaMamboleo
Asanteni sana, Ja Nyalenda pole, naenda na ya 15, nifunge. Binamu ametuma picha, anasema iko na koili 2, kila moja omu 2. Hio ni kusema nini?

besi_ya_nax
Ukiziunganisha kwa mfuatano inakuwa omu 4, amplifaya karibu zote zinakubali. Ukizipeleka sambamba ni omu 1, hapo nyingi zinajizima ama zinaungua. Kwako fanya mfuatano: chanya ya amplifaya kwa chanya ya koili ya kwanza, hasi yake kwa chanya ya pili, hasi ya pili irudi. Na hio amplifaya tafuta yenye DSP (filta za kidijitali) ndani kama Behringer NX3000D, lakini feni yake ina kelele so usiieke karibu na sofa.