Wageni wa Krismasi mnaojazana kwenye nyumba yenye kichanga, mna roho gani?

Wadau habari za sikukuu. Zangu si nzuri na sitaki kuzunguka, nimekuja hapa na hasira zangu zote maana nyumbani nikiongea naambiwa nina kiburi, nikinyamaza naambiwa nimenuna. Niko Kigoma mjini, huku Gungu, nimejifungua mwezi wa 11 kwa operesheni, mtoto wa kwanza, wa kike. Kama hujawahi kupasuliwa na kukaa na kichanga naomba usome mpaka mwisho kabla hujaniandikia kwamba mgeni ni baraka.

Ukoo wa mume wangu uliamua Krismasi hii iwe kwetu. Mimi sikuulizwa, nilimsikia tu mume anaongea na simu huku anacheka, "njooni tu, nafasi ipo". Nafasi ipo wapi? Vyumba viwili na sebule. Wakaja: mama mkwe kutoka Kasulu, wifi zangu wawili na watoto wao kutoka Dar, na shemeji yangu mdogo. Hao wa Dar walikuja na treni, na anayeijua treni ya Kigoma anajua mtu akishuka pale stesheni anakua katika hali gani, vumbi, jasho, watu wamebanana kwenye behewa wanakoholeana njia nzima. Wifi mkubwa alishuka nacho kabisa, kikohozi kile cha kifuani. Hata begi hajaweka chini, "lete shangazi amuone mwanae", akamchukua mtoto na kuanza kumbusu mdomoni, mashavuni, kwenye vidole. Nikasema wifi naomba unawe kwanza upumzike kidogo. Hilo neno limekua kesi mpaka leo, eti nimemwita mchafu mbele ya watoto wake.

Sasa sikilizeni. Mtoto alikua hajatimiza wiki 6. Mtoto wa umri huo ana BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio aliyopewa alipozaliwa, basi. Ile chanjo ya pentavalenti ambayo ndani yake kuna kinga ya kifaduro anaanza akifikisha wiki 6, anarudi wiki ya 10 na ya 14. Kabla ya hapo anachotegemea ni maziwa yangu na ustaarabu wa wanaomshika. Mtu mzima mafua ni kamasi tu anaendelea na shughuli zake, kichanga akiziba pua hawezi hata kunyonya maana hajui kupumua kwa mdomo vizuri. Hivi hilo nalo linahitaji mtu awe daktari ndo alijue?

Halafu yakaanza ya maji. Mama mkwe kila mtoto akilia, "mkwe wangu huyu ana kiu, angalia midomo ilivyokauka". Namjibu kwa heshima, mama kliniki wamesema maziwa matupu mpaka miezi 6, na maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Ananyamaza. Naingia kuoga, natoka namkuta na kijiko na kikombe. Na siyo maji ya kuchemsha, ni ya kwenye dumu! Sisi watu wa Kigoma ndo wa kuambiwa habari ya maji? Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walivyojaa pale kijiji cha Kagunga mpakani kipindupindu kiliwamaliza watu tunaona, kila mtu mkoa huu alijua maji yasiyochemshwa yanafanya nini, leo unamnywesha mtoto wa mwezi mmoja maji ya dumu kwa sababu midomo imekauka. Kesho yake ikawa utosi unacheza, inatakiwa dawa apakwe na anywe kidogo, ametoka nayo Kasulu kwenye kitambaa. Nikakataa kabisa kabisa. Nikaambiwa usomi umenipotosha na sijui mila.

Hapa kwenye mila ndo penye hasira yangu yote wadau.

Mimi mila nazijua. Nimezaliwa Uvinza nimekulia Uvinza. Mila ninayoijua mimi mwanamke akijifungua anakaa ndani arobaini, anakandwa na maji ya moto, anapikiwa uji na supu ya samaki, anafuliwa, hagusi sufuria wala ndoo, kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Mama yangu mzazi alikuja akanifanyia hayo yote, akarudi kwa sababu mvua zilishaanza na shamba halimsubiri mtu. Akaniacha akijua mama mkwe anakuja na wifi wawili wanakuja, akasema afadhali mwanangu hutakua mwenyewe. Kumbe. Wakwe zangu mila yao ni moja tu, ile ya kumwekea mtoto vitu mdomoni. Ile ya kumpumzisha mzazi haipo, hawaijui, hawajawahi kuisikia. Asubuhi naambiwa "mama mtoto chai vipi", mchana wanataka ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, jioni migebuka, samaki wa ziwa letu, maana huko Dar hawajaila mwaka mzima, na iungwe na mawese ndo inoge. Krismasi yenyewe pilau la sufuria kubwa, na majirani wameshaalikwa. Nimeinama kwenye jiko la mkaa na mshono tumboni, mshono ambao hospitali waliniambia nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Nimenyanyua hilo sufuria. Wifi mdogo amekaa mlangoni anachati, ananiambia "wifi pole, mimi moshi unaniumiza macho".

Halafu mama mkwe anasema wao walikua wanajifungua asubuhi jioni wako shambani. Mama huyuhuyu jioni akikaa vizuri anawataja watoto wake aliowazika wakiwa wachanga, anawataja kwa majina, mpaka leo machozi yanamtoka, na mimi nalia naye kwa sababu sasa najua mtoto ni nini. Ndo maana siwaelewi. Utafiti wa afya wa taifa wa 2004/05 ulikuta katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai 112 wanakufa kabla ya kufika miaka 5, ule wa 2022 ukakuta 43. Hiyo haikushuka kwa kupaka dawa utosini, imeshuka kwa chanjo, vyandarua, kliniki, kujifungulia mikononi mwa wataalamu. Na katika hao 43 zaidi ya nusu, 24, wanakufa ndani ya mwezi wa kwanza tu. Wakati ambao nyie mnautumia kupokezana mtoto sebuleni na kupiga naye picha za kuweka status.

Chandarua. Jamani chandarua kimeniuma kuliko hata pilau. Nilipewa kliniki nikiwa mjamzito, nikakifunga juu ya godoro letu mimi na mtoto, mkoa wetu huu na malaria yake na mvua hizi za Desemba kila dimbwi lina mbu. Naingia usiku nakuta hakipo, kimeenda kufungwa sebuleni kwa watoto wa wifi "maana wao wamezoea nyumba yenye nyavu madirishani, watang'atwa". Na wangu? Wangu nimfunike na kanga. Nikakifungua mwenyewe usiku uleule nikakirudisha, watoto wakaamka wakalia, na mimi ndo nikawa mchawi wa nyumba.

Na siku mvua ilinyesha kutwa nzima pakawa na ubaridi, mtu kaingiza jiko la mkaa linalowaka chumbani, kafunga dirisha na mlango, eti mtoto apate joto. Mtoto amelala mle ndani peke yake! Mkaa hata usipotoa moshi unatoa hewa inayoua mtu akiwa usingizini, watu wazima wenye nguvu zao wamelala na jiko hawakuamka, sembuse huyu. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Nikaambiwa nina hasira za uzazi.

Mume yuko wapi katika yote haya? Yupo. Ameajiriwa, sheria ya ajira ya 2004 inampa baba siku 3 mke akijifungua, zilikatika mimi niko bado wodini, kwa hilo simlaumu, na hizo siku 3 ni dharau kwa baba na kwa mama pia lakini hiyo ni mada nyingine. Namlaumu kwa hii wiki ya sikukuu ambayo alikua nyumbani, kazini kumefungwa, na akawa anashinda Kibirizi na mdogo wake, akirudi nikimwambia ananijibu "mvumilie mama, ni sikukuu tu". Mimi nina siku 84 za likizo ya uzazi kwa sheria hiyohiyo. Sikupewa ili nipikie ukoo, nimepewa nipone na mtoto apate nguvu. Yeye ndo mwenye mama, yeye ndo mwenye dada, neno lake moja "jamani mke wangu hapiki, pikeni" lingemaliza kila kitu bila mimi kuitwa mkorofi. Hakulisema. Mpaka naandika hapa hajalisema.

Baada ya Krismasi mtoto akaanza mafua. Nikasema nilijua. Usiku akawa hanyonyi, anashika anaachia, analia sauti haitoki, nikimwangalia kifua mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kliniki walitufundisha kwamba mtoto wa chini ya miezi miwili ukihesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia zikafika 60 au zaidi usisubiri kuche. Nimehesabu, zimepita. Nimemgusa ana moto. Homa kwa mtoto wa umri huo siyo ya kusubiri na siyo ya kumpa panadoli nyumbani, ni hatari hapohapo. Mume simu haipatikani. Mama mkwe anasema subiri kuche, ni meno hayo yanamsumbua kwa ndani. MENO, mtoto wa wiki 6! Nimetoka na mvua, nimemfunga kifuani nikavaa koti juu, bajaji ya jirani ndo ikatupeleka.

Nimonia. Wakamlaza, wakamuwekea kanyula kwenye mkono mdogo hata mshipa hauonekani, akaanza sindano za antibayotiki. Nesi, Mungu ambariki alikua mpole sana, aliniuliza swali moja tu, nyumbani nani anakohoa?

Amepona kwa kiasi kikubwa namshukuru Mungu, wameturuhusu. Sasa mtu na akili zako hebu fikiria mama anarudi na kichanga kutoka kulazwa, anafungua mlango anakutana na nini. Vyombo vya tangu nilipoondoka vimejaa beseni mpaka vinanuka, nepi za mtoto nilizoloweka ziko vilevile kwenye ndoo, sabufa linalia, na wifi mkubwa, yuleyule wa kikohozi, anainuka kwenye kochi amenyoosha mikono anataka kumpokea. Nikamwambia hapana. Sikutukana, nilisema hapana wifi, leo hashikwi na mtu. Pakawaka moto. Kwamba mimi ndo nilimuogesha mtoto jioni akapata baridi, kwamba maziwa yangu ni mepesi ndo maana hana nguvu, kwamba nimemroga kaka yao hana sauti. Kaka yao amekaa pale anaangalia chini.

Na hawaondoki. Nilidhani wakila mwaka mpya watafunga mizigo, kumbe mpango ni mpaka Mapinduzi tarehe 12 Januari ipite, "si shule hazijafunguliwa". Halafu kuna baba mdogo wa Tabora naye amesikia kuna mtoto anataka kuja kumuona. Nimechoka wadau, nimechoka mwili na roho, mshono unaniuma upande mmoja mpaka leo na sijapata nafasi ya kwenda kuuonyesha kwa sababu nikitoka mtoto nabaki nimemuachia nani?

Nimeshamwambia mume, ama aongee na ndugu zake leo, wapike wenyewe, wafue wenyewe, anayekohoa akae mbali na mtoto na hakuna kitu kinachoingia mdomoni kwake zaidi ya nyonyo, ama mimi naenda Uvinza kwa mama yangu mpaka likizo iishe. Anasema nikiondoka nitakua nimewafukuza ndugu zake na nimemdhalilisha kwa mama yake. Kwa hiyo aibu yake ni kubwa kuliko pumzi ya mwanae.

Wamama mliopita hapa kwa wakwe kama hawa mlifanyaje? Na nyie kina baba msipite kimya, wewe ungekua huyu mwanaume ungeanzia kwa nani? Jumatatu narudi hospitali mtoto aangaliwe kifua na mimi nitauonyesha huu mshono. Begi lake nimeshalipanga. Nikitoka pale kama bado nyumba iko hivihivi sirudi Gungu, napitiliza stendi.