Naomba ushauri: S&P 500 inakaribia rekodi, niingie sasa?
Wakuu, habari zenu. Nina akiba ambayo sitaigusa kwa miaka kumi hivi, nataka kuiweka kwenye mfuko wa uwekezaji unaofuata S&P 500, yaani fahirisi (kipimo cha bei) ya hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani. Fahirisi inakaribia kilele kipya na mkono unasita. Jana usiku nilishajaza kiasi, nikabaki nakitazama kitufe cha kununua, mwisho nikazima simu.

Nimepitia historia: aliyenunua kilele cha Machi 2000 aliiona bei ile tena 2007, ikaporomoka upya, akavuka salama 2013. Lakini waliokaa pembeni 2013 wakingoja ishuke nao waliachwa mbali sana.

Je, niingize zote kwa mkupuo au nigawe kila mwezi kwa mwaka mzima? Na mliowahi kununua kileleni, mlifanyaje bei iliposhuka?