Printa ya risiti inachapa "ngÆombe" badala ya "ng'ombe"

Mwenye agroveti, Ahero:
Habari zenu. Tangu niingize orodha mpya ya bidhaa wiki iliyopita, "dawa ya minyoo ya ng'ombe" inatoka kwenye risiti ikiwa "ngÆombe", ilhali kwenye skrini maneno yako sawa kabisa. Ajabu ni kwamba "chumvi ya ng'ombe", iliyokuwamo tangu zamani, inachapwa vizuri. Nimeondoa draiva na kuiweka upya mara mbili bila kufaulu, na mteja mmoja ameshaniuliza hiyo ni lugha gani.

Mhasibu, Nakuru:
Pole. Badilisha kebo ya USB kwanza.

Fundi, Kibuye:
Kwa heshima, ndugu Mhasibu, kebo mbovu ingeharibu herufi ovyo. Haingechagua ritifaa (alama hii: ') peke yake na kuigeuza Æ kila mara. Ndugu mwenye duka, nashuku kwamba orodha hiyo iliandikwa kwa Word kisha ikanakiliwa. Word hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na ingawa kwa macho hazitofautiani sana, kwa kompyuta ni alama mbili mbalimbali. Kila alama huhifadhiwa kama namba, na jedwali la herufi ndilo linalosema namba ipi ni alama ipi: iliyonyooka ni namba 39 katika jedwali la kompyuta na la printa pia, nayo iliyopinda ni namba 146 katika jedwali la kompyuta, Windows 1252. Printa yako, nadhani, inasoma jedwali la zamani la 437, ambamo 146 ni Æ. Izime, kisha uiwashe huku umeshikilia kitufe cha kusogeza karatasi. Nyingi za aina hii huchapa ukurasa wa majaribio unaotaja jedwali linalotumika.

Likiwa ni 437, badilisha ritifaa zote zilizopinda katika orodha. Kubadilisha jedwali la printa kunawezekana, lakini mimi nisingeanzia huko, maana programu nyingine inayotumia printa hiyo inaweza kuvurugika. Ukiandika tena kwa Word, bonyeza Ctrl na Z mara tu ritifaa inapopinda, nayo itanyooka. Sisi tunaoandika Nyang'oma kila siku tumeizoea kazi hiyo.

Mwenye agroveti, Ahero:
Ni 437 kweli, na ng'ombe wamerudi. Imebaki moja: "kilo 300–400" inatoka "300û400".

Fundi, Kibuye:
Hicho ni kistari kirefu cha Word, namba 150. Weka kile kifupi cha kibodi.