Juggernaut (1974): taharuki ya kutegua bomu inajengwaje?

Kalamu_Kavu

Wakuu, habari zenu. Naandika skripti ya filamu fupi ya dakika 15: mtu mmoja anategua bomu, mwingine anamwelekeza kwa redio. Niliambiwa nisiendelee mpaka niitazame Juggernaut ya Richard Lester, nami nimeitazama. Ina dakika 109, na sehemu kubwa ni wanaume waliochuchumaa mbele ya pipa na bisibisi mkononi, lakini huwezi kubandua macho. Yangu dakika ya nne tu imeshapoa. Saa inayohesabu kurudi nyuma ipo, jasho lipo, muziki wa kasi upo. Kinakosekana nini? Na mwisho wa waya mwekundu na waya wa bluu bado unafaa, au watu watacheka? Mnaojibu msiogope kutaja mwisho wa filamu.

Mhariri_wa_Zamu

Kinachokosekana ni kanuni, mkuu. Mtazamaji haogopi asichokielewa, na jasho la mwigizaji halimwelezi kitu.

Angalia Lester anavyofunga milango kabla hata bisibisi haijatokea. Meli Britannic iko katikati ya Atlantiki na abiria 1,200. Ndani yake kuna mapipa saba ya milipuko. Mtu anayejiita Juggernaut anampigia simu mkurugenzi wa kampuni ya meli na kudai pauni 500,000, na serikali inamkataza mkurugenzi asilipe. Bahari imechafuka, maboti ya kuokolea hayashushiki. Basi hakuna pa kukimbilia.

Hapo ndipo inapokuja kanuni yenyewe, na ni akili kubwa: Fallon (Richard Harris), kiongozi wa wategua bomu waliotumwa melini, anafanya hatua moja kwenye pipa lake, anaitamka kwenye redio, wenzake wanaifuata kwenye mapipa yao. Akilipuka yeye, waliobaki wanajua hatua ipi wasiiguse. Ukishalielewa hilo, skrubu moja tu ikilegezwa unashika kiti. Baadaye mwenzake Charlie Braddock (David Hemmings) anafuata njia ileile ya Fallon, na bomu linamlipukia. Kuanzia hapo mtazamaji hana tena cha kushikilia, na Fallon mwenyewe anataka kuacha.

Kwa dakika 15, tumia dakika mbili za mwanzo kufundisha kanuni mbili, tatu ukizidi sana. Mfano: kifuniko kikiinama zaidi ya hapa, bomu linalipuka; redio ikizimwa, anafanya peke yake. Zitamkwe kwa sentensi fupi wakati mikono iko kazini, si kwenye kikao cha maelezo. Halafu kanuni moja ivunjike katikati ya filamu, si mwishoni.

Na usihangaike kutafuta jinsi bomu la kweli linavyofungwa. Hakuna anayeuona huo mzunguko, na si jambo la kuchezea. Boksi la bati, kifuniko chenye skrubu nne na kitu kimoja kinachosogea ndani vinatosha.

Sauti_Kwanza

Muziki wa kasi utoe wote, kisha usikilize kilichobaki. Ukisikia kimya kitupu, ujue hukurekodi sauti ya chumba. Kabla ya kuondoka eneo la kurekodi, kila mtu anyamaze sekunde 60 na maiki iendelee kuchukua. Pumzi za mteguaji zirekodi peke yake, maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni lakini pembeni kidogo, la sivyo kila pumzi itapiga kama ngumi. Bisibisi ikigusa bati isikike kubwa kuliko ilivyo.

Saa ndiyo huharibu filamu nyingi za namna hii. Shoti hazirekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo saa inasoma 0:41, shoti inayofuata 0:52, na mtazamaji mmoja ukumbini akicheka umeshawapoteza wote. Andika kwenye skripti, pembeni ya kila shoti, saa inasoma ngapi. Bora zaidi, saa isionekane kabisa kwenye shoti pana. Irekodi peke yake, karibu, baada ya kukata filamu nzima, ndipo uibandike unapotaka.

Sekunde 60 za kwenye saa unaweza kuzivuta hadi 80 au 90 za kweli bila mtu kushtuka, alimradi kati ya shoti mbili za saa kuna uso au mikono. Ila tarakimu zikionekana zinashuka mfululizo, hapo usidanganye hata sekunde moja. Kwa filamu yako, mara tatu kuonyesha saa zinatosha.

Jambo dogo: taa za umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, zisije zikapepesa. Saa yenye tarakimu za taa ijaribu mapema, nyingine hupepesa hata hivyo.

Bahariani

Naongeza upande wa pili: nani anajua nini. Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake Truffaut tofauti ya mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, watu wanashtuka sekunde 15. Wakijua mapema kwamba lipo na wanaokaa mezani hawajui, una dakika 15 za taharuki. Kuna watu wanaukariri mfano huo halafu wanaandika sini ambayo kila mhusika anajua kuna bomu!

Tazama filamu yake Sabotage ya 1936. Mvulana Stevie anatumwa kuvuka London na kifurushi, na bomu limewekwa kulipuka saa 7:45 mchana. Yeye hajui, sisi tunajua. Na kinachomchelewesha si kitu cha kutisha hata kidogo: mchuuzi wa dawa ya meno anamkamata na kumsugua meno mbele za watu, kisha gwaride linaziba barabara. Kwenye basi kondakta anasita kumpakia kwa sababu ana makopo ya filamu, ambayo yalishika moto kwa urahisi, halafu anamwonea huruma na kumruhusu. Huruma hiyo ndiyo inayotuumiza.

Bomu lile linalipuka, mtoto anakufa. Hitchcock mwenyewe baadaye alisema lilikuwa kosa, maana watazamaji walishampenda. Mimi nadhani alijihukumu kupita kiasi, lakini kwa filamu fupi shika ushauri wake: ukishawavuta watu dakika kumi, wape pumzi.

Juggernaut inafanya kitu cha jirani na hicho kwa Roy Kinnear, msimamizi wa burudani melini. Abiria wanajua wanaweza kufa, naye kazi yake ni kuwachezesha dansi. Anatabasamu mpaka unamwonea aibu. Weka mtu wa namna hiyo, hata kwa sekunde 20.

Mzee_wa_Rili

Hiyo ya waya mwekundu na wa bluu imechakaa. Achana nayo. Halafu mkumbuke Juggernaut ni kisa cha kweli.

Bahariani

Nusu nusu, mzee wangu. Mei 1972 kulitolewa vitisho vya bomu dhidi ya QE2 (Queen Elizabeth 2), meli ya abiria ya Uingereza, na wataalamu wa Uingereza wakarushwa kwa miamvuli katikati ya Atlantiki. Walipekua, hawakukuta bomu. Filamu ilichukua wazo hilo la miamvuli, mengine yametungwa.

Kuhusu waya, kilichochakaa ni kubahatisha. Kwenye Juggernaut hakuna bahati nasibu. Aliyetega mabomu, Buckland (Freddie Jones), ndiye aliyemfundisha Fallon kazi. Anakamatwa London, anawekwa kwenye redio, anasema kata wa bluu. Fallon anamsikiliza mwalimu wake, anakata mwekundu. Swali halikuwa rangi, lilikuwa: mtu huyu ananidanganya? Sasa kwako, anayeelekeza kwa redio ni rafiki mwaminifu, basi waya wowote ni sawa tu. Mpe sababu ya kudanganya, na ionekane mapema kwa jambo dogo.

Ukibaki na rangi, zijaribu kwanza chini ya taa utakayotumia. Kwenye mwanga wa njano iliyokolea, bluu huonekana nyeusi, na sini nzima inakufa.

Kalamu_Kavu

Asanteni sana wakuu. La mwisho: sauti ya redioni nirekodi siku hiyohiyo au baadaye? Na sini moja ya nje iko karibu na kituo cha basi.

Sauti_Kwanza

Siku hiyohiyo. Mweke mwigizaji chumba kingine na simu, wazungumze kweli. Msaidizi akisoma mistari pembeni ya kamera, kusita kote kunapotea na baadaye huwezi kukutengeneza. Rekodi sauti yake safi, kisha kwenye uhariri bakiza masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, isikike kama ya redioni. Acha mlio wa kitufe kabla ya kila sentensi.

Kituo cha basi: kibali kwanza, na polisi wa eneo wajue siku na saa. Boksi lenye nyaya lisionekane barabarani nje ya shoti, libebwe kwenye begi lililofungwa na mtu mmoja anayewajibika nalo.